Mzigo Unaotazama Nyuma

Nimebeba kila kitu hadi Siva. Mapipa ya bia, magunia ya viazi, mitungi ya gesi, dirisha zima na vioo vyake, jiko la chuma nililolipandisha kwa safari nne, na mwaka juzi sinki la kuogea ambalo watalii walilipiga picha zaidi kuliko walivyoipiga milima. Katika miaka kumi na minne hakuna mzigo uliowahi kunitukana njiani. Wa kwanza kunitukana ulikuwa bibi yake Otka, na nilimbeba siku ya harusi yangu mwenyewe.

Siva ni nyumba ya wageni iliyo juu kabisa ya bonde letu, mita elfu mbili na ushee. Barabara haifiki, na helikopta huja pale tu mtu anapovunjika. Kila kinacholiwa na kunywewa kule kimefika juu ya mgongo wa mtu. Otka ndiye mpishi. Mimi ndiye mgongo. Tulianza kupendana kwa sababu kila nilipofika na mzigo alinipa bakuli la supu ya kabichi kabla hata sijavua viatu, na mwanamume wa milimani hahitaji ishara kubwa kuliko hiyo.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kilikuwa na miaka sabini na saba, na kilikaa kijijini, katika nyumba yenye mapazia ya kijani. Bibi Apolónia ndiye aliyemlea Otka tangu akiwa na miaka mitatu. Kwetu, kabla watu hawajaenda mbele ya padri, hupiga magoti mbele ya wazazi. Mzee wa harusi huwaombea baraka kwa maneno marefu, na wazazi hujibu huku kila mtu anasikia. Otka hana mzazi mwingine wa kumpigia magoti. "Bibi asipotoa neno, siolewi," aliniambia, na Otka si mtu wa kusema kitu mara mbili.

Na Bibi alikuwa amegoma miaka miwili mizima. Mumewe, Rudolf, alikuwa mbebaji kama mimi. Asubuhi moja ya mwezi Machi, mwaka sabini na moja, alitoka nyumbani na gunia la makaa ya mawe mgongoni, na theluji ikamfunika katika Korongo la Kondoo, robo saa kabla ya kufika Siva. Walimpata siku ya nne. Tangu siku hiyo Bibi hakupanda tena bonde hilo, na dirisha la nyumba yake linalotazama mlimani aliliwekea kabati. "Simpi mjukuu wangu mbebaji," alikuwa akiniambia usoni, huku ananimiminia chai. "Bora mwizi. Mwizi hurudi nyumbani."

Kisha msimu wa mavuno, bila kuulizwa na mtu, akabadilika. Tulikuwa mezani, Otka, mimi na yeye.

"Fanyeni hiyo harusi huko juu," akasema. "Mwezi wa pili. Nitapanda."

"Mwezi wa pili, Bibi?" Otka akashtuka. "Theluji inafika kifuani!"

"Ndiyo maana. Kiangazi hata mbuzi anatembea vizuri. Nataka kumwona huyu akitembea theluji ikiwapo. Nikishaona, nitasema ndiyo au nitasema hapana, na hamtanisumbua tena."

"Na magoti yako?"

"Yeye si mbebaji? Anibebe."

Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi hadi nikakosa usingizi! Kilo hamsini na moja tu, na kazi ninayoijua kuliko kusali. Nilijiona tayari nimefika Siva, kodiani inalia, bibi kizee anateremka mgongoni na kusema ndiyo.

Theluji ilianguka Jumanne, Jumatano na Alhamisi bila kupumzika. Ijumaa likawaka jua, na wageni wote wa harusi wakapanda, watu thelathini na wanane pamoja na padri, wakiongozwa na Blažej, mwenye nyumba ya Siva, ambaye pia ndiye aliyekuwa mzee wetu wa harusi. Mimi nilibaki chini kumsubiri mzigo wangu. Usiku ule upepo ulipiga paa hadi alfajiri. Saa moja asubuhi ya Jumamosi, Blažej akatoa hali ya njia kwenye redio ya mkononi, kama anavyofanya kila siku.

"Siva hapa. Njia imekanyagwa vizuri hadi Jiwe la Mapumziko. Juu ya hapo upepo umefuta nyayo. Hatari ya theluji kuporomoka ni tatu kati ya tano. Jua kali, baridi digrii kumi na nne chini ya sifuri. Bia ni baridi, supu ni moto, bibi harusi anauliza kama bwana harusi ameamka."

"Ameamka! Korongo vipi?"

"Jana tumepita watu thelathini na wanane na halikutikisika. Njoo, Vendo, njoo! Ukichelewa tunamwoza mtu mwingine."

Nilimfuata Bibi nyumbani kwake kwa gari. Alikuwa ameketi mlangoni tayari, amevaa koti la ngozi ya kondoo, skafu mbili, na buti za marehemu mumewe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bibi."

"Milele na milele, amina. Umechelewa dakika nne."

Pale njia inapoanzia nikamfunga kwenye fremu. Tunabebea fremu ya mbao, ndefu kupita kichwa, iliyotengenezwa na mbebaji mwenyewe kwa kipimo cha mgongo wake. Nilikuwa nimeipigilia kibao cha kukalia na kuiwekea ngozi ya kondoo. Anayekaa hapo huegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu. Mimi natazama niendako, yeye anatazama tulikotoka. Nikamvisha shingoni kile kidude kinacholia chini ya theluji.

"Hiki nini?"

"Ukifukiwa, kinatuonyesha ulipo."

"Rudolf hakuwa nacho."

"Havikuwepo, Bibi."

"Mwaka ule hata soksi nzuri hazikuwepo," akasema. "Haya, inuka, punda."

Nikainuka.

Lazima niseme kitu kuhusu wabebaji. Tuna sheria moja tu: mzigo haurudi. Ukiuinua bondeni, unautua Siva, si kwingine. Mvua ikija unapanda, goti likiuma unapanda. Anayerudi na mzigo, jina lake linaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jikoni kule Siva, na tangu vita kumalizika yameandikwa majina matatu tu. La tatu ni la jamaa aliyehamia Bratislava kwa aibu. Ni upumbavu, najua, lakini ni upumbavu wetu, na mimi nilikuwa mmoja wa wanaoupenda sana.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri kupita kiasi! Misonobari imeelemewa na theluji, anga la bluu hadi linauma macho, na chini ya buti njia inalia kwaru, kwaru, ile sauti ya baridi kavu ambayo kila mbebaji anaipenda kwa sababu hutelezi. Watu waliopita jana walikuwa wameipiga njia ikawa imara kama sakafu. Nilitembea naimba. Mgongoni mzigo wangu ulikuwa ukitoa maoni.

"Mbona unatikisika hivyo? Rudolf alikuwa akienda bila kutikisa hata maziwa."

"Rudolf alikuwa habebi watu, Bibi."

"Makaa hayalalamiki. Kwa hiyo mimi nalalamika kwa niaba ya makaa."

Tukapita kwenye daraja la mbao, barafu imelifunika pande zote. Nikafunga meno ya chuma chini ya viatu, hatua kwa hatua, fimbo mkono huu na fimbo mkono ule.

"Nimemwona mbweha," akasema.

"Wapi?"

"Nyuma. Wewe huwezi kumwona. Anakucheka."

Saa nne tulikuwa juu ya mstari wa misonobari. Huko hubaki ile midogo tu, inayotambaa chini, na mwaka huo ilikuwa imefukiwa yote. Tukafika Jiwe la Mapumziko, jiwe kubwa kuliko ghala, lenye ukingo uliochongwa kwa urefu hasa wa fremu ili mbebaji aegemeze mzigo bila kuutua. Nikaegemeza. Jasho lilikuwa linanitoka na huku ndevu zimeganda. Tukanywa chai yenye ramu kutoka chupa moja.

"Unapumua vizuri," akasema Bibi. Ilikuwa sifa ya kwanza kutoka kwake kwa miaka miwili, nikaiweka moyoni.

Juu ya Jiwe njia zinagawanyika. Ya kawaida inakata Korongo la Kondoo, hatua mia mbili hivi, kisha unafika Siva. Ya majira ya baridi inapita juu ya kigongo cha mwamba kando ya korongo, ambako upepo hauachi theluji. Ni salama, lakini ina minyororo ya kushika, tena ni mwinuko, unapanda kwa mikono na miguu. Mtu aliyeketi nyuma yangu angekuwa ananing'inia juu ya hewa tupu na kugonga miamba kila hatua. Njia hiyo kwa siku ile haikuwa yetu. Kilichobaki ni korongo, nalo jana lilikuwa limepitiwa na watu thelathini na wanane.

Lakini kila hatua kutoka Jiweni, njia ilizidi kunikera. Hakukuwa na wayo hata mmoja. Upepo wa usiku ulikuwa umefuta kila kitu, sawa, hilo Blažej alilisema. Ambalo hakulisema, kwa sababu toka Siva halionekani, ni mahali ile theluji yote ilipopelekwa. Ilikuwa imechukuliwa kwenye mgongo wa mlima na kurundikwa upande wetu wa korongo, laini, nene, imetuna kama tumbo. Nilichomeka fimbo. Juu ngumu kiasi cha upana wa kiganja. Chini yake fimbo ikazama bila kushikwa na kitu, theluji isiyoshikana, kama sukari tupu.

Nikasimama ukingoni. Ng'ambo, Siva ilikuwa pale pale, moshi unatoka, watu wamesimama uwanjani wamevaa nguo za sherehe. Walituona! Wakapiga kelele, kodiani ikaanza, mtu akapunga chupa. Hatua mia mbili, jamani. Ningeweza kumtambua kila mtu kwa kofia yake.

Nikapiga hatua moja mbele.

Theluji ikalia. Vuum. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu mnene amekaa kwenye godoro katika chumba cha pili. Theluji ikilia hivyo, chini imeshaachana na iko tayari kuporomoka. Kutoka kwenye ncha ya buti langu ufa mwembamba ukakimbia kwenda juu, ukapinda, ukaishilia kwenye mwamba. Nikarudisha mguu taratibu, kama unavyourudisha ukikanyaga mkia wa mbwa.

"Mbona umesimama?" Bibi akauliza. "Nasikia kodiani."

"Theluji imelia, Bibi."

"Basi? Acha ilie."

Redio ikakoroma kifuani mwangu. Blažej. "Vendo! Kuna nini? Kata juu kidogo kisha vuka haraka haraka. Halushki za viazi na jibini zinapoa!"

"Imelia, Blažej. Na imepasuka."

"Jana tumepita thelathini na wanane!"

"Jana si leo!"

Nyuma ya sauti yake nikawasikia wabebaji wenzangu, wamekwisha kunywa kidogo, wanaimba: "Mzigo haurudi! Mzigo haurudi!" Wakati mwingine ningecheka. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka kutupa redio korongoni. Hasira na nani, sijui. Na theluji. Na upepo. Na mimi mwenyewe, kwa sababu mguu wangu, nakiri, ulikuwa unataka kwenda. Ningepita mbio. Pengine isingetokea chochote. Mara kumi imelia chini yangu, na mara kumi nimefika.

"Nenda," akasema Bibi. "Watu wanasubiri."

"Siendi."

"Unaogopa?"

"Ndiyo!"

"Nilijua. Mbebaji wa kiangazi."

"Bibi, nyamaza!"

Sijawahi kumwambia mtu mzima nyamaza, na mama yangu angenizaba kofi. Lakini kelele ilishatoka. "Nyamaza! Sikupeleki humo! Nitukane, nisemee kwa padri, kataa kusema hiyo ndiyo yako mpaka ufe, lakini humo sikupeleki!"

"Ukigeuka, leo hakuna harusi."

"Isiwepo!"

Nikageuka.

Na hapo sikuwa nimefikiria jambo moja. Njia nzima yeye alikuwa akitazama bonde, kijiji, mapaa, moshi wa kwao. Nilipogeuka mimi kushuka, aliyebaki ana kwa ana na Korongo la Kondoo alikuwa yeye. Karibu miaka hamsini alikuwa amelikinga kwa kabati. Sasa lilikuwa mbele ya macho yake, karibu kiasi cha kulitemea mate, na ule ufa mweusi katikati.

Niliuhisi mgongo wake ukikakamaa kwenye mgongo wangu. Nyuma yetu kodiani ikakatika. Nilishuka polepole hadi Jiweni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mzigo wangu ulikuwa mzigo tu.

Nilimshusha, nikamkalisha kwenye ukingo wa jiwe juu ya ngozi, nikamfunika blanketi na koti langu. Jua lilipiga pale, hakukuwa na upepo. Redio ikalia tena, safari hii alikuwa Otka.

"Vendo, mko wazima?"

"Wazima. Otka, nimerudi. Sikuweza."

"Nimekuona dirishani, nina vibanio vya nywele mdomoni, nusura nivimeze vyote. Bibi je?"

"Yupo. Amenyamaza."

"Amenyamaza?" Otka akaogopa kweli. Kisha nikasikia anazungumza na watu, sauti ya Blažej inapinga, sauti yake inapanda, yake ikashinda. "Kaeni hapo hapo Jiweni. Msiende popote. Harusi inashuka."

Inashuka! Nilibaki nimeishika redio nacheka peke yangu. Watapita kwenye kigongo cha mwamba, kwa kamba, bila mizigo inawezekana kabisa. Juu kule kuna wabebaji tisa na waokoaji wawili, wamekula, wamekunywa na hawana kazi. Baada ya nusu saa nikawaona, vitone vyekundu na vya bluu, mmoja baada ya mwingine, wanashuka minyororo.

"Nigeuze," Bibi akasema. "Nataka kuliona."

Nikamgeuza. Akalitazama korongo.

"Ilipolia, ulisikia wewe tu?"

"Sisi wawili. Wewe pia ulisikia, uliniambia niiache ilie."

"Nilitaka nikuone." Akaivuta skafu. "Na siku ile? Kwa Rudolf? Nayo ililia?"

Ningeweza kusema sijui. "Mara nyingi hulia, Bibi. Si zote. Lakini mara nyingi."

"Alikuwa na masikio ya paka. Mtoto akikohoa chumba cha tatu, yeye ndiye aliyeamka." Alikuwa akizungumza na korongo, si na mimi. "Watu waliniambia ilimjia ghafla. Padri alisema hivyo, wenzake walisema hivyo. Ghafla! Kumbe alisikia. Alisikia, akapita, yule mjinga. Kwa ajili ya gunia la makaa."

Akalia, lakini kwa hasira, anapiga goti lake kwa ngumi. Nilimpa chai yenye ramu.

Wa kwanza kufika alikuwa Otka. Gauni lililotariziwa la kwao, juu yake jaketi la manyoya ya bata, kamba kiunoni, meno ya chuma miguuni, nywele nusu zimesukwa nusu zimemwagika. Alishuka hatua za mwisho mbio, meno ya chuma yakirusha barafu, akanirukia hadi nikaanguka kwenye theluji.

"Ungepita ningekuua mwenyewe," akaniambia sikioni.

Wakaja wengine wanapumua, wanacheka, wamelowa. Mtu alikuwa amefunga sufuria ya supu mgongoni, mfuniko umefungwa kwa mshipi wa padri. Padri mwenyewe alivaa stola juu ya koti la kuteleza thelujini. Kodiani ilikuja ndani ya mfuko wa kulalia. Wabebaji wenzangu walisimama mbali kidogo. Mmoja akasema, "Tumeshachanganya rangi nyekundu, Vendo," na hakuna aliyejua kama acheke. Blažej alilitazama korongo kutoka chini, sehemu ile ambayo toka kwake haionekani, tumbo lote lile la theluji. Akavua kofia. Hakusema lolote tena kuhusu watu thelathini na wanane.

"Tuanze," akasema Otka. "Miguu inaganda."

Tukapiga magoti mbele ya Jiwe. Bibi alikaa juu ya ukingo kama anavyokaa jikoni kwake, mikono mapajani, buti za Rudolf zinaning'inia. Blažej akaanza yale maneno marefu ya kuomba baraka, kwamba hawa watoto wanakushukuru kwa mkate na kwa usiku uliokesha, wanakuomba msamaha, wanaomba neno lako. Akamaliza.

Hapo ndipo mzazi hujibu. Bibi hakujibu. Alininyooshea kidole.

"Kwanza nitakuuliza kitu, na utanijibu mbele ya watu hawa."

"Niulize, Bibi."

"Kama ningekuwa gunia la viazi, ungerudi?"

Watu wakacheka. Wabebaji ndio walioanza, kisha ndio walioacha kwanza, kwa sababu walilielewa swali. Mimi niliona uso wake na sikucheka kabisa. Uongo ulikuwa mwepesi, ulishafika mdomoni: ningerudi, Bibi, bila shaka ningerudi. Kila mtu alitaka niuseme. Otka alikuwa amenishika mkono, nami nikajua kwamba akinisikia nikidanganya hapa, atakuwa akinisikiliza hivyo hivyo maisha yote.

"Ningepita," nikasema.

Mkono wa Otka ukakaza.

"Ningepita, Bibi. Nimepita mara kumi ikiwa inalia. Sikuwahi kumwambia mtu."

Bibi akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kana kwamba nimemwambia bei ya kitu anachokijua.

"Rudolf alidhani yuko peke yake na makaa yake," akasema. "Nami sikumwambia kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nilidhani mwanamume anajua. Kumbe hakuna anayejua mpaka aambiwe. Basi wewe nakwambia." Akajivuta mbele kwenye ukingo hadi nikahofia ataanguka. "Kuanzia leo huna viazi. Huna bia, huna gesi. Chochote utakachoinua kule chini, huyu amekaa juu yake, anatazama nyuma, haoni unakompeleka. Ikilia, umembeba yeye. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema kwa sauti, hao majuha wenzako nao wasikie."

"Nimesikia, Bibi!"

Akapangusa pua kwa skafu.

"Basi ndiyo. Mchukue. Na inukeni, magoti yataganda."

Otka alininyanyua kwa mikono miwili, kwa sababu magoti yangu yalikuwa yameshaganda.